UKOO WETU: Huyu ni nani kwako?

Sisi wa safu ya Ukoo Wetu, mwezi huu miguu inauma. Tumetembea bloku hadi bloku kwa sababu ya babu mmoja aliyekufa zamani sana, hata kabla ya uhuru wa Kongo.

Habari yenyewe ilianzia kwenye posa. Kijana mmoja, fundi baiskeli aliyezaliwa hapa hapa kambini, alimpenda binti wa familia iliyofika miaka ya nyuma kidogo kutoka Uvira. Wakubwa walikubaliana, siku ikawekwa, soda zikanunuliwa. Familia ya kijana ni watu wa Mboko, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi. Walivuka mwaka 1996, vita ilipoingia. Familia ya binti ni ya Uvira, lakini bibi yake, mama wa mama yake, alizaliwa huko huko Fizi.

Kama ilivyo desturi, msemaji wa upande wa kijana alisimama akaanza kutaja: kijana huyu ni mtoto wa fulani, na fulani ni mtoto wa fulani. Alipotaja jina la babu, bibi wa binti, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, akanyanyua mkono.

"Rudilia hiyo jina."

Likarudiwa.

"Ule ni babu yangu mie. Nilikaa ku magoti yake. Hawa batoto ni ndugu. Maneno ya mahari iishe hapa."

Soda zilinywewa kwa sababu zilikuwa zimeshafunguliwa, lakini hakuna aliyecheka. Binti alitoka nje. Kesho yake asubuhi tulipata wageni wawili, mjomba wa binti na mama wa kijana, kila mmoja kwa njia yake, na kila mmoja akitaka tumwambie kwamba mwenzake amekosea. Sisi si wazee wa mila, na si ofisi. Tuna daftari, kalamu na muda. Jina la babu huyo hatuliandiki hapa, kwa heshima ya familia zote mbili.

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kutoamini neno "babu". Msikasirike. Kwetu sisi babu ni baba wa baba na baba wa mama, lakini pia ni kaka yake huyo, na mdogo wake, na binamu yake, na wakati mwingine ni mzee jirani aliyetupa muwa tulipokuwa wadogo. Ndivyo ilivyo na baba. Ndugu wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, basi watoto wake wanakuwa kaka na dada zetu, wala si kitu kingine. Dada wa mama ni mama. Mjomba na shangazi ndio wenye njia yao, na watoto wao ni binamu, au kizala kama wengi wetu tunavyosema. Maneno haya ni matamu kwa kuishi, maana yanamfanya yatima asiwe yatima. Lakini kwa kutafuta nani kamzaa nani, yanaficha. Kwa hiyo tuliwakataza wote kusema babu, yaya, mama mdogo. Tuliwaambia waseme "aliyemzaa". Nani alikuzaa? Na huyo, nani alimzaa? Wa tumbo moja naye ni akina nani? Tumbo moja maana yake mama mmoja. Baba mmoja na mama mbalimbali ni habari nyingine, tuliandike hivyo.

Kitu cha pili, tulianza chini. Wengi wakianza habari za ukoo wanaanza na mkubwa mwenye sifa, yule chifu, yule mwindaji, halafu wanashuka kwa kuruka ruka mpaka wafike kwao. Ukishuka kutoka juu unaweza kufika kwa mtu yeyote unayemtaka. Ukipanda kutoka kwako, hatua moja moja, huwezi kuruka, maana kila mtu lazima awe na mama yake.

Na hapo hapo, hatua ya kwanza tu, tulijikwaa. Upande wa binti walitupa karatasi yao ya familia. Imeandikwa kwamba bibi ni "mama" wa binti. Mama wa kijana, ambaye ana macho makali, akasema: "Munaona? Wanabadirisha." Hapana, hawabadilishi. Mama mzazi wa binti alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na bibi ndiye aliyemlea. Siku ya kuandikishwa waliulizwa, "Huyu ni nani kwako?" Bibi akajibu alichojibu miaka yote: "Ni mtoto wangu." Kwa lugha ya nyumbani hakusema uongo hata kidogo.

Hebu tusimame hapa kidogo, kwa sababu jambo hili limewaumiza wengi kambini kuliko hata posa hii. Yule anayeandika kwenye ofisi anatumia maneno ya Kiingereza au Kifaransa, na katika maneno hayo mama ni mmoja tu, aliyezaa. Mtoto wa dada yako si mtoto wako, na mtoto wa baba mdogo si kaka yako. Leo ukisema "kaka", na mwaka ujao kwenye mahojiano ukasema "mtoto wa baba mkubwa", wewe umesema kitu kimoja, lakini kwenye faili zimeingia hadithi mbili. Tunawajua watu ambao safari yao ilisimama kwa sababu hiyo. Nchi nyingine zinaweza kuomba hata kipimo cha damu au cha mate ili kujua nani kamzaa nani, na kipimo hakijui kulea.

Kwa hiyo, ukiulizwa, usitoe neno moja. Toa njia: "Mama yake na mama yangu ni tumbo moja. Mama yake alikufa, mimi nimemlea tangu ana miezi sita." Mtoto wa kulea anayo nafasi yake kwenye karatasi, na hapungukiwi kwa kuandikwa alivyo. Na kama mliandikwa vibaya zamani, nendeni mkaombe kurekebishwa sasa, msingoje siku ya mahojiano. Kurekebisha ni bure. Mtu akikuomba pesa kwa ajili ya hilo, huyo hakutumwa na ofisi.

Turudi kwa babu wetu. Tukawa na njia mbili zinazopanda. Kijana, kazaliwa na baba yake (marehemu), na huyo kazaliwa na babu mwenye lile jina. Hatua mbili tu. Binti, kazaliwa na mama yake (marehemu), huyo kazaliwa na bibi, bibi kazaliwa na mama yake, na huyo ndiye mtoto wa babu mwenye lile jina. Hatua nne. Hatua mbili upande mmoja na nne upande mwingine si jambo lisilowezekana. Mwanamume anaweza kuzaa mtoto wa kwanza akiwa na miaka ishirini na wa mwisho akiwa na sabini. Lakini lilitufanya tuulize miaka.

Ndugu zetu, miaka ya kwenye karatasi haisaidii sana. Nusu ya kambi imezaliwa tarehe 1 Januari, kama kwamba mama zetu walipatana. Tarehe hiyo huandikwa pale mtu asipoijua yake. Ukitaka mwaka wa kweli, usimwulize mzee "mwaka gani", mwulize "ulikuwa unafanya nini wakati ule". Sisi watu wa upande wa Fizi na Uvira tuna kalenda yetu: uhuru, Juni 1960. Vita ya Mulele, 1964, watu wakakimbilia milimani. Nchi kuitwa Zaire, 1971. Wakimbizi wa Burundi kumiminika kwetu, 1972. Vita ya 1996, halafu ile ya Agosti 1998, na mauaji ya Makobola ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, ambayo hakuna mtu wa kule asiyekumbuka alikuwa wapi. Ndugu zetu Warundi nao wana 1972 yao, na Oktoba 1993, na 2015. Mtu anaweza kusahau umri wake, lakini hasahau kama siku ile alikuwa anabebwa, anatembea, au anabeba mwenzake.

Mama wa kijana alisema mume wake alizaliwa msituni wakati wa Mulele. Mama mkwe alimwambia mara nyingi jinsi alivyomziba mdomo asilie. Basi ni 1964 au 1965. Bibi naye tulimwuliza babu yake alikufa lini. "Meno yangu ya mbele ilikuwa imetoka, ya kukomaa haijaota. Wabeleji bado wako. Uhuru haijafika."

Tukaandika, tukatazamana. Mtu aliyezikwa Wabelgiji wakiwepo hakumzaa mtoto wakati wa Mulele. Walikuwa watu wawili.

Mama wa kijana alifurahi papo hapo, akataka kwenda kununua soda nyingine. Tulimwomba angoje. Watu wawili wenye jina moja, katika vijiji vya karibu, mara nyingi wamelipata jina hilo mahali pamoja. Kwetu mtoto anaweza kupewa jina la babu, la shangazi, la rafiki wa baba, hata la muuguzi aliyempokea. Jina peke yake halithibitishi undugu, na wala halikatai.

Na majina yetu haya yana vituko vyake. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, kwa hiyo kuna wazee ambao kwenye daftari la ubatizo wa parokia wana jina moja na kwenye kitambulisho cha Zaire wana jingine, na ni mtu yule yule. Kuna Byamungu na Biamungu, herufi moja tu, na ofisi inaona familia mbili. Kwa Warundi, watoto sita wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina sita yasiyofanana hata kidogo, na mgeni akasema hawa si ndugu. Lakini majina hayo hayo yanasema mengine: Nyandwi kwa kawaida ni wa saba kuzaliwa, Minani ni wa nane, Bucumi wa kumi. Ukimkuta Minani aliyeandikwa kama mtoto wa kwanza, uliza kwa upole waliomtangulia wako wapi. Na Bukuru akikwambia yuko peke yake, jua alikuwepo Butoyi, pacha wake. Uliza kwa upole zaidi.

Halafu kuna hili la kumwita mtu kwa mtoto wake. Tumeishi na majirani miaka kumi tukiwaita Baba Furaha, Mama Riziki, na siku ya msiba ndipo tunagundua hatujui marehemu aliitwa nani. Wanawake ndio wanaopotea zaidi kwa njia hii. Tukiuliza ukoo, wanaume watatajiwa vizazi sita, na wake zao ni "ule mama wa kwa Makobola". Ndiyo maana tunasisitiza: kila mama aandikwe kwa jina lake na kijiji alichotoka. Mtaona sasa kwa nini.

Tulitafuta mtu wa tatu, asiye na faida wala hasara katika posa hii. Tulimpata bloku ya mbali, mzee aliyepita miaka themanini, macho yameingia ukungu lakini kichwa ni kizima. Alipoambiwa lile jina aliuliza mara moja: "Mukubwa ao mudogo?"

Akaomba mahindi na maharage. Mahindi ni wanaume, maharage ni wanawake. Alisema hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Akapapasa mkeka, akaweka hindi moja juu. Huyo ndiye mkubwa. Pembeni yake akaweka haragwe upande huu na haragwe upande ule: alikuwa na wake wawili. Chini ya mke wa kwanza akaweka watoto, mmoja wao haragwe, binti aliyeolewa mbali. Chini ya mke wa pili akaweka mahindi matatu. Wa tatu alimzaa mvulana wakati mkubwa bado yu hai, na mkubwa akafurahi akampa mjukuu jina lake mwenyewe. Ndiye yule mdogo.

Tulimwuliza amejuaje yote haya. "Huyu," akasema, akiweka kidole juu ya haragwe la mke wa pili, "ni shangazi yangu." Dada wa baba yake. Akataja jina lake na kijiji chake. Kama tungekuwa tumetafuta wanaume tu, tungepita mbele ya mlango wa mzee huyu bila kubisha.

Hata hivyo shahidi mmoja hatoshi. Bibi ana dada yake mkubwa Nyarugusu, tukampigia simu. Hapa tunawaomba sana mjifunze kitu: hatukumwambia tunachokijua. Ukimwuliza mzee "si kweli babu yako alikuwa na wake wawili?", atasema kweli, kwa adabu tu, au ili umalize maneno. Tulimwuliza: "Babu yenu alioa wangapi, na walitoka wapi?" Akajibu wawili, na akataja kile kijiji cha mke wa pili. Simu ikakatika, salio limekwisha, lakini ilitutosha. Msio na namba za ndugu zenu, kumbukeni ule ujumbe wa Msalaba Mwekundu upo: karatasi wazi, habari za familia tu, bila malipo. Unaweza kuuliza humo majina ya bibi zako pia, si kusalimia tu.

Basi tukapanga upya. Kijana, baba yake, yule mdogo, baba wa mdogo, mkubwa. Hatua nne. Binti, mama yake, bibi, mama wa bibi, mkubwa. Hatua nne. Kijana na binti wote ni vilembwe wa mzee yule, mmoja kwa mke wa pili na mwingine kwa mke wa kwanza. Bibi alikuwa amesema kweli kwamba wana undugu, lakini si ule aliofikiria. Huyo babu wa kijana hakuwa babu yake. Alikuwa binamu yake.

Tulirudi kumweleza. Alisikiliza bila kupendezwa, akasema yeye hajapata kuwa na binamu wa jina hilo, jina hilo ni la babu. Ndipo mzee wa mahindi, ambaye tulikuja naye tukimshika mkono, akasema taratibu: "Haukumujua na hiyo jina. Sisi wote tulikuwa tunamuita Kadogo."

Bibi alinyamaza. Halafu akapiga makofi mara moja, akashika kichwa. Kadogo! Kadogo ndiye aliyekuwa akimvusha mto mgongoni siku walizokwenda kwa babu. Baada ya babu kufa mama yake alimchukua wakahamia Uvira, na hakumwona tena. Miaka zaidi ya sitini. Hakuwahi kujiuliza kama Kadogo alikuwa na jina jingine. Na mjukuu wa Kadogo alikuwa amekaa mbele yake siku ile, ameshika kofia mikononi, na yeye akamfukuza.

Aliomba kijana aitwe. Alikuja na mikono ya grisi, akidhani ni ugomvi. Bibi alimtazama masikio, akasema ni ya Kadogo kabisa. Hapo sisi tulifunga daftari tukatoka nje.

Mtauliza, je, watafunga ndoa? Hilo halikuwa letu kuamua. Wazee wa pande zote mbili walikaa Jumapili mbili. Walio wengi walisema binti ni wa ukoo wa baba yake, watu wa Uvira. Undugu umepita kwa wanawake, mama mbalimbali, hatua nne kila upande, ni mbali. Mzee mmoja wa upande wa kijana alisema damu ni damu, na hata sasa hajabadilika. Sisi tunamheshimu, maana bila watu kama yeye hakuna ambaye angeuliza. Mwisho walipatana kwamba atatolewa mbuzi, ndipo mazungumzo ya mahari yaendelee. Nani anamtoa huyo mbuzi ndilo lililobaki, na tunapopeleka gazeti kuchapwa walikuwa bado wanabishana.

Bibi ametoa sharti moja. Siku ya posa ya pili anataka kukaa nusu saa upande wa binti, na nusu saa upande wa Kadogo.

Mwezi ujao tutaandika juu ya watoto waliofika bila wakubwa, na jinsi ya kuandika wanayoyakumbuka kabla hawajasahau. Mwenye swali la ukoo wake alete kwenye sanduku letu pale mlangoni mwa maktaba, au atutafute Jumamosi asubuhi. Njooni na majina ya bibi zenu. Mahindi na maharage tunayo.